Gemu za bure za simu zilivyoiondoa sokoni mashine ya bei nafuu

Na Mwandishi Wetu

MWEKEZAJI aliyenunua hisa za kampuni ya Nintendo kwa bei ya kufunga soko la Tokyo Julai 19, 2016, alilipa zaidi ya yen 31,000 kwa hisa moja. Siku nne za biashara baadaye, Jumatatu ya Julai 25, hisa hiyo hiyo ilifunga kwa yen 23,220. Wakati huo hisa za Nintendo zilikuwa zikiuzwa kwa mafungu ya hisa 100, hivyo mwenye fungu moja tu, kama angeuza jioni ile, angekuwa amepoteza zaidi ya yen 770,000.

Siku hiyo moja hisa ilishuka kwa yen 5,000, sawa na asilimia 17.7, ambacho kilikuwa kikomo cha mwisho kinachoruhusiwa na soko hilo kwa siku kwa hisa ya bei hiyo. Chanzo chake kilikuwa gemu ya simu iitwayo Pokémon GO, iliyotoka Julai 6 katika nchi za Marekani, Australia na New Zealand. Watu waliwaona vijana wakizagaa mitaani na simu mkononi wakisaka viumbe wa Pokémon, wakajua kuwa Pokémon ni jina linalotajwa sambamba na Nintendo, wakakimbilia kwa madalali. Hisa iliyokuwa chini ya yen 15,000 ikawa imezidi maradufu katika muda wa wiki mbili.

Ijumaa ya Julai 22, soko likiwa limekwisha kufungwa, Nintendo ilitoa taarifa fupi. Ilisema kuwa gemu hiyo imetengenezwa na kampuni ya Niantic ya Marekani. Kwamba haki za Pokémon zinasimamiwa na The Pokémon Company, ambayo Nintendo ina asilimia 32 ya kura zake. Na kwamba faida itakayoifikia Nintendo yenyewe ni ndogo. Hakuna siri iliyofichuliwa katika taarifa hiyo. Umiliki huo ulikuwa unajulikana siku zote, ila walionunua kwa pupa hawakuusoma.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuuona umati wa wachezaji bila kujua pesa yao inaishia mfukoni mwa nani. Fedha za gemu za simu zimebadilisha biashara nzima ya mashine za kuchezea za mkononi, lakini si kwa namna ambayo wengi waliitabiri.

MLANGO WENYE MLINZI

Kwa miaka 20 biashara ya mashine za mkononi ilikuwa rahisi kueleza. Nintendo ilitoa Game Boy mwaka 1989, ikauzwa Marekani kwa bei iliyo chini kidogo ya dola 90. Mashine yenyewe haikuwa mgodi. Mgodi ulikuwa kaseti. Aliyenunua mashine alirudi dukani kila mara kutafuta kaseti mpya, na hata kaseti zilizotengenezwa na makampuni mengine zililipiwa ada kwa Nintendo kabla hazijafika sokoni. Ni kama muuza majiko ya gesi ambaye hasumbuki sana na faida ya jiko, kwa kuwa mtungi utarudi kujazwa.

Game Boy na ndugu yake wa rangi ziliuzwa karibu milioni 119 kwa pamoja. Nintendo DS, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2004, ilifika milioni 154. Nguvu kubwa ya mfumo huo ilikuwa bei. Mwenye mashine alikaa mlangoni, akaamua nani aingie na kaseti iuzwe kiasi gani, na kwa kawaida gemu ya DS katika maduka ya Marekani ilikuwa dola 30 na kitu.

Julai 10, 2008, Apple ilifungua duka lake la programu za simu, App Store, likiwa na programu kama 500. Kila mtu aliruhusiwa kupanga bei yake, Apple ikichukua asilimia 30. Yaliyofuata yanaeleweka na yeyote aliyewahi kupanga bidhaa moja na majirani kumi kwenye mtaa mmoja. Bei zilishuka hadi senti 99, halafu senti 99 nazo zikaonekana ghali.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja Oktoba 2009, bila kelele nyingi. Kabla ya hapo Apple ilikuwa imeruhusu vitu kuuzwa ndani ya programu zile tu ambazo mteja amezilipia. Mwezi huo iliruhusu hata programu ya bure iuze vitu ndani yake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kanuni hiyo ndogo iliitikisa biashara ya mashine za mkononi kuliko simu yenyewe ilivyofanya. Simu ilikuwa chombo tu; kanuni hii ndiyo iliyofanya bei ya mlangoni iwe sifuri.

WANNE KATI YA MIA

Gemu ya bure inalipwaje? Chukua Candy Crush Saga ya kampuni ya King, iliyoingia kwenye simu mwishoni mwa mwaka 2012. Mchezaji hupewa nafasi tano. Akishindwa mara tano anasubiri, na kila nafasi moja hurejea baada ya dakika 30. Asiyetaka kusubiri anaweza kuomba kwa rafiki au kulipa. Anaweza pia kununua hatua za ziada pale anapobakiza kidogo kushinda. Fikiria mwenye kibanda cha gemu za TV anayewaacha watoto wacheze bure mchana kutwa, kisha anazima skrini sekunde ile ile mtoto anapokaribia kufunga bao, na kumwambia kwamba kuiwasha tena ni sh. 200. Wengi watanung'unika na kwenda nyumbani. Wachache watalipa, na miongoni mwao wapo watakaolipa mara nyingi mno.

Hesabu za King zilizowekwa wazi kabla ya kuuza hisa zilionyesha mapato ya dola bilioni 1.88 kwa mwaka 2013 na faida ya kiasi cha dola milioni 568. Waliolipa kwa mwezi walikuwa takriban wanne kati ya kila wachezaji 100. Wengine 96 walicheza bure kabisa. Aidha, zaidi ya robo tatu ya mauzo ya robo ya mwisho ya mwaka ilitoka kwenye gemu moja, hiyo hiyo Candy Crush.

King ilipoingia Soko la Hisa la New York Machi 26, 2014, hisa iliuzwa kwa dola 22.50. Jioni ilikuwa dola 19. Faida ilikuwapo, tena nono, lakini wanunuzi walijiuliza: wale wanne wakichoka, watano wa kuwarithi watatoka gemu gani? Mwaka 2015 Activision Blizzard ilikubali kuinunua King kwa dola bilioni 5.9, yaani dola 18 kwa hisa, na biashara hiyo ikakamilika Februari 2016. Aliyenunua siku ya kwanza na kushikilia mpaka mwisho alipata pungufu ya alichotoa, bila kuhesabu gawio lililolipwa katikati. Kampuni ilitengeneza faida na mwanahisa wake akapata hasara. Mambo hayo mawili hukaa pamoja mara nyingi kuliko madalali wanavyokiri.

Huko Japani mtindo ulikuwa mkali zaidi. Makampuni ya GREE na DeNA yalikua kwa kasi kwa kutumia gacha, jina lililotokana na visanduku vya sarafu vinavyotoa kidoli ndani ya kikopo cha plastiki bila mnunuzi kuchagua. Ndani ya simu, mchezaji hulipa na kupata mhusika au silaha kwa bahati. Lilikuwapo toleo lililotaka mchezaji akusanye kadi zote za seti moja ndipo apate zawadi kubwa. Kadi ya kwanza na ya pili hupatikana upesi. Ya mwisho ndiyo inayokula mshahara. Mei 2012 habari zilipoenea kuwa wakala wa serikali wa kulinda walaji ungetangaza mtindo huo wa seti kuwa ni kinyume cha sheria, hisa za makampuni yote mawili zilianguka kwa karibu asilimia 20 au zaidi katika siku moja ya biashara. Gacha ya kawaida ilibaki, na makampuni yakaendelea kuchuma.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2013, GungHo, kampuni ambayo umaarufu wake ulitegemea gemu moja ya simu, Puzzle & Dragons, ilipita thamani ya Nintendo nzima sokoni kwa siku chache. Kampuni yenye gemu moja ilikuwa juu ya kampuni yenye Mario, Zelda na viwanda vinavyoifanyia kazi dunia nzima. Haikudumu.

MASHINE ILIVYOBANWA

Hapo kati Nintendo ilikuwa na shida zake. Machi 2011 ilipeleka Marekani mashine ya 3DS kwa dola 249.99. Mwezi huo huo rais wa kampuni, Satoru Iwata, alisimama mbele ya watengenezaji wa gemu mjini San Francisco na kuwaonya kuwa wauzaji wa simu hawana sababu ya kulinda thamani ya gemu, kwa kuwa wao wanatafuta wingi tu. Wapo waliomwona kama mfanyabiashara mzee anayelalamikia machinga.

Kati ya Aprili na Juni mwaka huo 3DS ziliuzwa 710,000 tu duniani kote. Julai 28 kampuni ilitangaza kupunguza bei hadi dola 169.99, na kule Japani kutoka yen 25,000 hadi 15,000, ikiwa ni miezi mitano tu tangu mashine itoke. Hisa zilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 siku iliyofuata. Iwata alijikata nusu ya mshahara. Wateja waliokwisha kulipa bei ya zamani walipozwa kwa gemu 20 za bure. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 Nintendo ilipata hasara ya yen bilioni 43.2, ikichangiwa pia na nguvu ya yen.

Punguzo lile liliokoa mashine, kwani 3DS na ndugu zake zilifika karibu milioni 76 katika maisha yao. Lakini linganisha na milioni 154 za DS. Nusu ya soko ilikuwa imeondoka, na aliyeondoka anajulikana: mtoto anayepewa simu ya zamani ya mama yake, na mtu mzima aliyekuwa akicheza kidogo ndani ya treni. Hao hawakuhitaji gemu nzuri zaidi. Walihitaji kitu cha kupitishia muda, na simu ilikuwa tayari mfukoni. Sony nayo ilijaribu na mashine yake ya Vita kuanzia mwishoni mwa 2011, ikashindwa kupata nafasi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2019 na Sony haikuleta mrithi wa aina hiyo.

Nintendo ilipigana chini kwa muda. Oktoba 2013 ilileta 2DS, mashine isiyokunjwa, ya watoto wadogo, kwa dola 129.99. Mwaka 2016 bei yake ikateremshwa hadi dola 79.99. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine ya mwisho ya Nintendo ambayo mzazi wa kipato cha kawaida huko Marekani angeweza kuichukua dukani bila kikao cha familia. Familia yote ya 3DS ilisitishwa Septemba 2020.

WANAHISA WALITAKA SIMU

Kwa miaka kadhaa wanahisa waliipigia kelele Nintendo iingie kwenye simu. Machi 2015 ilikubali, ikabadilishana hisa na DeNA, kila upande ukitoa yen bilioni 22. Iwata alifariki Julai mwaka huo, kabla ya kuona matokeo.

Super Mario Run ilitoka Desemba 15, 2016. Nintendo ilikataa mtindo wa nafasi tano na gacha: onja hatua chache bure, kisha lipa dola 9.99 mara moja, gemu yote ni yako. Kufikia mwisho wa Januari 2017 ilikuwa imepakuliwa mara milioni 78, waliolipa wakiwa wamezidi kidogo asilimia 5, na mapato yamepita yen bilioni 6. Kwa gemu yoyote ya zamani hayo ni mafanikio. Soko liliona vingine. Hisa zilishuka siku zilizofuata uzinduzi, na kampuni yenyewe baadaye ilisema matarajio hayakufikiwa.

Februari 2017 ikaja Fire Emblem Heroes, yenye jina dogo kuliko Mario na gacha ndani. Hii iliendelea kuingiza pesa mwaka hadi mwaka, na makadirio ya wachunguzi wa soko ya mwaka 2022 yaliiweka juu ya dola bilioni 1 tangu ianze. Tofauti si ubora. Aliyelipa dola 9.99 kwa Mario amemaliza deni lake milele. Anayemtaka mhusika fulani wa Fire Emblem anaweza kulipa leo, akakosa, akalipa tena kesho, na mwezi ujao wahusika wapya wako tayari.

Hata hivyo angalia vitabu. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2018, mapato ya Nintendo kutoka simu na haki za wahusika wake kwa pamoja yalikuwa yen bilioni 39.3, katika mauzo yaliyozidi kidogo yen trilioni 1. Ni chini ya asilimia 4. Mwaka ulioishia Machi 2021 yalikuwa yen bilioni 57, lakini mauzo yote yalikuwa yamefika karibu yen trilioni 1.76, hivyo sehemu yake ilikuwa asilimia 3 na kidogo. Kile ambacho wanahisa walikidai kwa miaka hakikuwahi kuwa nguzo ya kampuni yao.

Na kilikuja na gharama zake. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari, na Agosti 2019 Nintendo ikaziondoa Fire Emblem Heroes na Animal Crossing: Pocket Camp nchini humo. Marekani nako Apple ilikuwa imekubali Januari 2014 kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya gemu bila ruhusa. Mwenye hisa za kampuni ya gacha ajue kwamba mshirika wake asiyeonekana ni ofisi ya kulinda walaji, na haijulikani ataamka lini.

KUPANDA JUU

Kilichoiokoa Nintendo ni uamuzi wa kuacha kupigania soko la chini. Machi 3, 2017 ilitoa Switch, mashine inayochezwa mkononi na kwenye televisheni, kwa dola 299.99. Gemu zake kubwa ziliuzwa dola 59.99, bei ambayo katika simu ingeonekana kichaa. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150. Mrithi wake, Switch 2, alitoka Juni 5, 2025 kwa dola 449.99, na gemu ya Mario Kart World kwa dola 79.99, milioni 3.5 ziliondoka kwa siku nne. Agosti mwaka huo huo Switch ya zamani ilipandishwa Marekani hadi dola 339.99, na Lite, ambayo haiungi na televisheni, kutoka 199.99 hadi 229.99. Mashine ya umri wa miaka minane kupandishwa bei ni jambo ambalo biashara hii haikulizoea.

Ni kweli kwamba dola 90 za Game Boy mwaka 1989 ni kama dola 230 za mwaka 2025, kwa hiyo kuzilinganisha moja kwa moja si haki. Ndiyo maana kipimo kizuri ni 2DS: mwaka 2016 mlango wa kuingilia ulikuwa dola 79.99, na miaka tisa baadaye ni 229.99. Mfumuko wa bei hauelezi pengo hilo. Vipuri na ushuru vina sehemu yao, lakini sababu ya msingi ni kwamba hakuna anayetengeneza tena mashine ya dola 80 kwa mtoto ambaye gemu ya bure imeshamchukua. Anayebaki dukani ni mteja aliyeamua kulipa, na huyo anauziwa kwa bei ya aliyeamua. Valve ya Marekani ilisoma hivyo hivyo ilipotoa Steam Deck mwaka 2022 kuanzia dola 399.

Mtindo wa bure wenyewe nao umehamia ndani ya mashine. Fortnite iliingia Switch Juni 2018 bila malipo, ikiuza mavazi ya wahusika, na Pokémon UNITE ikafuata Julai 2021. Mwenye mlango amegundua kuwa si lazima auze tiketi ikiwa anachukua kamisheni kwa kila kinachouzwa ukumbini.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki simu ndiyo mashine, na kikwazo cha muda mrefu kilikuwa malipo: vitu vya ndani ya gemu vilitaka kadi ya benki ambayo kijana hana. Nchini Kenya, Safaricom na Visa walizindua Juni 2022 kadi isiyoshikika inayounganisha M-Pesa na maduka ya nje ya mtandaoni. Mfanyabiashara anayefikiria kuingiza mashine za mkononi ajue kuwa anashindana na huduma hiyo pia, na kwamba bidhaa yake ni ya wachache wenye uwezo. Aagize chache, na azitafutie wateja kabla ya kuagiza.

Kwa wanaofuatilia hisa, Nintendo iligawa kila hisa yake kuwa 10 mnamo Oktoba 1, 2022. Fungu la 100 linahitaji sasa sehemu ndogo tu ya mtaji lililouhitaji kabla ya mgawanyo huo. Katika ripoti za makampuni haya namba ya kutafuta kwanza ni ya wanaolipa, kisha sehemu ya mauzo inayotoka kwenye gemu moja. Idadi ya waliopakua iwekwe mwisho, ingawa ndiyo inayowekwa mbele kwa herufi kubwa.

Nintendo yenyewe imekuwa ikipunguza mzigo wa simu. Dr. Mario World ilifungwa Novemba 2021 na Dragalia Lost Novemba 2022. Mwisho wa Novemba 2024 ilifungwa Pocket Camp ya bure, na siku chache baadaye likaja toleo jipya la kulipia mara moja, dola 9.99 kwa utangulizi na 19.99 baada ya Januari 2025. Ndani yake hakuna tena kitu kinachouzwa kwa pesa halisi.